Giza la Kuchangia Petroli

Dubai hakuna usichokipata ukiwa na hela. Unga wa dona upo Deira, dagaa wapo, na theluji ipo ndani ya Mall of the Emirates tangu mwaka 2005; watu wanateleza juu yake wamevaa makoti wakati nje lami inakaribia kuyeyuka. Kitu kimoja tu hakipo, na kwa bahati yangu mbaya ndicho anachokitafuta shemeji yangu. Giza.

Mimi giza nililiacha Pangani. Nililiacha likiwa la bure, tena la kumwaga. Mgao wa umeme ulikuwa ukituletea hadi mlangoni. Tulililaani, tukaliwashia vibatari, tukalisemea maneno ambayo siwezi kuyaandika gazetini. Hakuna aliyeniambia kwamba nitakuja kuishi mahali ambapo watu wazima, wenye akili zao na zamu zao asubuhi, wanachanga petroli kwenda kulifuata.

Shemeji ni kitinda mimba kwao. Aliyeoa anajua maana yake: huyo si mtu wa kumkatalia. Alipokuja kutafuta maisha alifikia kwangu Al Nahda, kwa wiki chache tu, alisema, na wiki hizo hadi leo hazijaisha. Kazi amepata, ya kupanga mizigo kwenye ghala huko Qusais. Mshahara wa kwanza akatuma nyumbani, Mungu ambariki. Wa pili akanunua kamera ya mkono wa pili, na tangu hapo mimi sina usiku.

Al Nahda, kwa asiyeijua, ndiyo pindo la Dubai. Ukivuka barabara umeshaingia Sharjah, ambako nako wana Al Nahda yao, jina moja, kodi mbalimbali. Mtu akikwambia mkutane Al Nahda muulize kwanza ya emirati ipi, usije ukaliwa na jua bure. Huku kwetu ni maghorofa yaliyosongamana, chini yake vibanda vya chai ya karak, vinyozi, maduka ya dawa, madirisha ya kutuma pesa, na juu ya vyote hivyo taa. Taa za barabarani, taa za mabango, taa za kreni za ujenzi, taa za ndege, maana uwanja wa ndege uko jirani. Chumbani kwangu nimetundika pazia zito jeusi na bado saa nane za usiku naweza kusoma risiti. Hapa ndipo kijana wa watu alipochagua kuwa mpiga picha wa mandhari katika mwanga hafifu.

Ingekuwa harusi ningeelewa. Harusi zinalipa, na kuna pilau.

Kupiga picha, kwa jinsi nilivyokuwa nikijua, ni jambo la kufumba na kufumbua. Unaambiwa cheka, kitu kinalia kwacha, mnakwenda kula. Shemeji hana habari na hayo. Yeye anaitaka mandhari wakati jua limeshazama au halijachomoza, pale mwanga umebaki wa kuomba. Na mwanga ukiwa haba, shata lazima likae wazi muda mrefu ili sensa ya kamera ikusanye hicho kidogo kilichopo: sekunde 10, sekunde 30, dakika 4, na siku akiwa na furaha hata zaidi. Muda wote huo kamera isitikisike hata kidogo. Ndiyo maana kuna stendi ya chuma ya miguu mitatu. Na kwa kuwa stendi hiyo ni nzito, ndiyo maana kuna mimi.

“Shem, usisogee.”

Sijasogea.

“Basi usipumue kwa nguvu.”

Kijana niliyemlipia tiketi ya ndege.

Nikilalamika ananipa historia. Amejaa historia siku hizi, anazisoma kwenye simu akiwa kwenye metro ya Green Line, na jioni ananimwagia mimi. Ananiambia kwamba picha ya kwanza duniani iliyosalimika hadi leo ilipigwa na Mfaransa, Nicéphore Niépce, mwaka 1826 au 1827, kutoka dirishani kwake, juu ya bamba la chuma lililopakwa lami. Bamba lile liliachwa linyonye mwanga saa 8 kwa uchache, na wapo wataalamu wanaodhani ni siku kadhaa. Jua lilizunguka kutwa, ndiyo maana katika picha ile kuta za kulia na za kushoto zote zimepigwa na jua kwa pamoja. “Kwa hiyo dakika 4 ni nini, shem?” Namwambia Niépce alikuwa kwake, dirishani, amekaa kitini. Hakumbebesha mume wa dada yake chuma hadi juu ya daraja la waenda kwa miguu.

Maana huko ndiko tulikoanzia. Shemeji aliona picha za watu wengine: barabara usiku, magari yenyewe hayaonekani, zimebaki riboni nyekundu na nyeupe za taa zikipita katikati ya mji. Kinachotokea ni kwamba gari linalokwenda haliwahi kukaa mahali pamoja muda wa kutosha kuandikwa; taa zake tu, kwa ukali wake, ndizo zinazoacha mchirizi. Akasema barabara tunayo. Na kweli tunayo, barabara ya Al Ittihad, inayounganisha Dubai na Sharjah, na jioni watu wote waliofanya kazi Dubai kwa mshahara wa Dubai wanarudi Sharjah kulala kwa kodi ya Sharjah.

Tukapanda daraja na stendi yetu. Kwanza kabisa, daraja linatikisika. Huwezi kulijua hilo mpaka uwe na kamera: kila anayepita na mfuko wa viazi, chuma kinaitikia. Ikabidi niwe nawaomba watu watembee polepole, kwa Kiswahili, kwa Kiarabu cha kuokoteza na kwa Kihindi cha sokoni, nao wananitazama wakidhani natangaza mkutano wa dini. Pili, na hili ndilo lililommaliza, riboni hazikutokea. Riboni zinataka gari liende. Foleni ya Al Ittihad saa kumi na mbili na nusu jioni haiendi. Shata likakaa wazi dakika nzima, na picha ilipotoka, magari yote yapo, yametulia, safi kabisa, unasoma namba za nyuma moja baada ya nyingine. Kwenye gari moja unamwona hadi dereva ameegemeza kichwa kwenye kioo. Waliokuwa na michirizi ni vijana wa pikipiki za chakula peke yao, wakipenya pembeni na maboksi yao mgongoni.

Nilifurahi, sitaficha. Nikamwambia akaiweke kwenye maonyesho.

Akanijibu kwa historia nyingine. Mwaka 1838, Paris, Louis Daguerre alipiga picha ya barabara ya Boulevard du Temple. Barabara ilikuwa na watu na magari ya farasi, mchana kweupe, lakini bamba lilihitaji dakika kadhaa, kwa hiyo waliokuwa wakitembea wote wakafutika. Akabaki bwana mmoja pembeni, kwa sababu alikuwa amesimama akipigwa rangi ya viatu, mguu juu ya kisanduku. Wanasema huyo huenda ndiye binadamu wa kwanza kuonekana wazi kwenye picha, na jina lake halijulikani. Shemeji alinisimulia haya machozi yanamlengalenga. Mimi nikawa namfikiria mpiga rangi. Alikuwa pale pale, picha imemtoa ukungu kwa sababu mikono yake ilikuwa kazini, na watu wanaposimulia wanamtaja bwana mwenye kiatu kwanza. Mambo hayajabadilika sana.

Baada ya barabara kumgomea akahamia bustanini. Al Nahda tuna bustani yenye bwawa, Pond Park, na kusema haki ni mahali pazuri. Jioni familia zinajaa, watoto na baiskeli zao, wazee wa Kihindi wakitembea haraka kwa amri ya daktari wa sukari. Shemeji akatangaza kwamba pale ndipo penye mandhari. Tukaenda kabla ya magharibi tukisubiri ule mwanga wa buluu unaobaki jua likishazama. Kwetu pwani mwanga huo ukigeuka kumtafuta mtoto umeshaondoka. Hapa Dubai, kwa kuwa tuko mbali zaidi na ikweta, unachelewa kidogo. Dakika chache tu za ziada, lakini shemeji anazitamka utafikiri ameandikiwa kwenye mkataba wa kazi.

Halafu akatoa kioo cheusi. Kumbe ipo filta maalumu, nyeusi ti, unaivalisha lenzi ili ipunguze mwanga takriban mara 1,000. Nikamuuliza taratibu, kwa adabu zote: wewe kila siku unalia mwanga hautoshi, sasa umenunua kioo cha kuupunguza? Akanieleza kwamba mwanga ukipungua ndipo shata linapoweza kukaa wazi zaidi, na likikaa zaidi viwimbi vya maji vinajilaza na mawingu yanavutika angani. Sawa. Mawingu yenyewe Dubai unayaona kwa msimu. Lakini sawa.

Kile kioo akishakivalisha haoni kitu tena kwa jicho, kwa hiyo kila kitu kinapangwa kabla: kamera inalengwa, lenzi inafungwa isigeuke, hesabu inafanywa kidoleni. Akabonyeza. Dakika 4. Nikasimama pembeni na begi lake, mbu wakanikuta. Dakika 4 zikaisha, nikasema tuondoke, akaninyooshea kiganja. Kamera bado inafanya kazi. Inafanya nini? Inapiga picha ya pili, dakika 4 nyingine, safari hii ikiwa imefunga jicho kabisa, ili iyajue madoadoa yake yenyewe ipate kuyatoa kwenye ile ya kwanza. Sensa ikikaa na umeme muda mrefu inaanza kuona vitu visivyokuwepo, vidoti vyekundu na vya kijani, na joto likipanda vinazidi. Kwa hiyo nchi ya joto kali, kamera yenye joto, na mimi nalishwa kwa mbu nikisubiri mashine ipige picha ya giza la ndani ya tumbo lake.

Picha ilipotoka, Pond Park ilikuwa tupu. Watoto hawapo, wazee wa sukari hawapo, mama wa kigari cha mapacha hayupo. Maji yamelala laini, maghorofa yamejigeuza chini juu bwawani, benchi moja, mti mmoja.

“Umeona utulivu, shem?”

Utulivu gani? Mimi nilikuwepo. Niligongwa kisigino na baiskeli ya mtoto, na kuna mtu alikuwa akiongea na simu kwa sauti ya mnada muda wote. Zaidi ya hayo, kwenye kona ya kulia ya picha kuna jozi ya miguu. Ni yangu. Kwa vile mikono na kiwiliwili vilikuwa vikipigana na mbu, kamera ikaviacha. Miguu haikupigana, ikabaki. Nimo kwenye sanaa ya shemeji kuanzia magotini kushuka chini, na kandambili zinatambulika. Alipomtumia dada yake, mke wangu akapiga simu kuuliza kwa nini nimekonda miguu.

Kuna Mjapani, Hiroshi Sugimoto, tangu miaka ya 1970 anaingia kwenye majumba ya sinema na kuacha shata wazi filamu nzima, mwanzo hadi mwisho, na kinachobaki kwenye skrini ni mstatili mweupe. Hadithi yote imejifuta kwa mwanga wake. Hilo shemeji analiona la ajabu. Mimi nimeangalia bongo muvi za kutosha zilizonipa matokeo hayo hayo bila kamera.

Ugomvi wetu mkubwa lakini si wa barabara wala wa bwawa. Ni wa AC. Mtu wa Dubai anayesoma hapa ameshanielewa. Kiangazi, usiku, upande huu wa karibu na bahari, hewa ya nje ina maji ya kukamua. Kamera iliyokaa ndani kwenye baridi ya AC ukiitoa nje ghafla, lenzi inavaa ukungu papo hapo, mbele, na wakati mwingine hadi ndani ya vioo. Ukiifuta, inavaa tena. Dawa yake ni kuipasha joto polepole kabla ya kutoka. Watu wenye busara wanaifunga kwenye mfuko usiopitisha hewa na kuiacha kwenye buti ya gari au kwenye veranda. Shemeji hataki, veranda kuna vumbi, buti kuna wezi, Al Nahda, wezi wa kamera, mnaona mawazo yake. Kwa hiyo ameihamishia bafuni, ambako AC haifiki, ameiviringisha taulo kama kichanga kilichotoka kuogeshwa, na mlango hautakiwi kufunguliwa. Kwa muda wa saa nzima. Katika nyumba yenye bafu moja.

Siku bafu likiwa na unyevu, yaani siku mtu amethubutu kuoga, anazima AC ya sebule badala yake. Agosti. Niko nimekaa kwenye kochi naangalia mpira, jasho linanitiririka hadi kwenye rimoti, nauliza kulikoni, naambiwa kamera inazoeshwa hali ya hewa. Nikamuuliza, na mimi nazoeshwa nini? Akasema, “Vumilia, shem, ni kwa ajili ya lenzi.” Nikamtumia dada yake ujumbe wa sauti, mrefu, wenye hoja. Jibu likaja fupi: “Baba watoto, msimkatishe tamaa mdogo wangu.”

Basi akataka mahali pa juu, auone mji wote. Paa la jengo letu limefungwa na funguo anayo natoor, yaani mwangalizi wa jengo, ambaye hata bomba likivuja hapandi. Tukaenda juu ya maegesho ya duka moja, ghorofa ya mwisho, wazi, upepo mzuri, taa za Sharjah zimetandazwa mbele. Stendi ilikuwa haijamaliza kukunjuliwa miguu tulipomwona mlinzi anakuja, mwembamba, mrefu, sare imepigwa pasi. Shemeji akaanza Kiingereza cha kwenye simu. Mlinzi akamsikiliza, akatazama kandambili zangu, akasema:

“Nyinyi ni Watanzania.”

Tukakiri.

“Sasa wakubwa, hiyo kitu ya miguu tatu hamuwezi weka hapa. Simu ni sawa. Hata upige mia. Ukipiga na simu uko mgeni anatembea, ukiweka hiyo stendi uko kampuni, na kampuni inatakiwa ikuwe na barua.”

Mtu wa Bungoma. Akatueleza bila ukali, na hoja zake zilikuwa na uzito. Nchi hii ina sheria ya mwaka 2021 ya makosa ya mtandao inayolinda faragha. Kumpiga mtu picha bila ridhaa yake si mzaha, na kuelekeza lenzi kwenye viwanja vya ndege na majengo ya usalama ndiyo kabisa usijaribu. Shemeji akasema yeye hapigi watu, anapiga mandhari, na hata hivyo watu katika picha zake wanafutika. Mlinzi hakulipenda neno kufutika.

“Supervisor akinipata na nyinyi hapa, mimi ndiye nitarudishwa Bungoma. Nyinyi mtarudi tu Al Nahda.”

Tukaanza kukunja. Yeye hakuondoka. Akatazama upande wa lifti, akatazama saa, akarekebisha kofia.

“Lakini kama ni moja tu, ya kutumia mathe…”

Shemeji akamweleza masharti: taa ni hafifu, shata litakaa wazi sekunde 20, usicheke, usimeze mate, usipepese. Mlinzi akamtazama kwa huruma. “Buda, mimi nasimama kwa mlango masaa kumi na mbili. Hiyo sekunde ishirini ni nini?”

Na kweli. Akasimama na mikono nyuma, taa za Sharjah mabegani. Upepo ulipita, gari likapanda rampu likatumulika, pikipiki ikapiga honi huko chini. Yule bwana hakuyumba. Katika picha zote alizowahi kupiga shemeji yangu, hiyo ndiyo pekee ambayo kila kitu kimetoka wembe: vifungo vya shati, kamba ya kitambulisho, hata mkunjo wa pasi kwenye mkono. Mama mtu Bungoma akaiweka kwenye simu yake iwe ya kwanza kuonekana. Shemeji naye akataka ya kwake pale pale, akashindwa kutulia, akatoka na vichwa viwili, na nasikitika kwamba ameifuta, kwa sababu ningeichapa kubwa niitundike mlangoni mwa bafu.

Ungetegemea aridhike hapo. Badala yake alikuja na ramani. Mwaka 2016 wanasayansi wakiongozwa na Mtaliano Fabio Falchi walichora atlasi ya dunia ya mwanga unaochafua anga la usiku, wakakuta zaidi ya theluthi moja ya wanadamu hawawezi kuiona Njia Nyeupe, yaani ule mkanda wa nyota, kutoka wanapoishi. Nchi iliyoongoza kwa anga chafu ni Singapore, na nyuma yake wamo Kuwait, Qatar na hawa wenyeji wetu, Falme za Kiarabu. Nchi zenye giza safi kabisa ni kama Chad, Jamhuri ya Afrika ya Kati na Madagaska. Laiti wangepita Pangani siku ya mgao.

Kinachokera ni kwamba anga hili lina historia. Ahmad ibn Majid, baharia wa karne ya 15, alikuwa mtu wa Julfar, huko inapokaa Ras al-Khaimah leo, mwendo wa saa moja kwa gari kutoka kwetu kama Sharjah imekuruhusu kupita. Aliandika vitabu na mashairi ya kuongoza vyombo kwa nyota, na mojawapo linaeleza njia ya pwani yetu ya Afrika Mashariki hadi Sofala. Wapo waliomsingizia kwamba ndiye aliyempeleka Vasco da Gama India kutoka Malindi mwaka 1498, jambo ambalo wanahistoria wengi hawalikubali. Msingiziwa huyo huyo leo mweke juu ya maegesho yetu, mwambie atafute kaskazini. Ataziona ndege za abiria zinateremka, atauliza kwa nini nyota za siku hizi zina foleni.

Basi giza liko nje ya mji. Jaribio la kwanza lilikuwa jangwa la Saih Al Salam, kwenye maziwa ya kuchimbwa ya Al Qudra, pazuri, ndege wengi, lakini mji umelifuata hadi huko: nyuma yako mbingu ina rangi ya chai ya maziwa. Kwa hiyo shemeji akasema Al Quaa, kusini ya Al Ain, jangwani kabisa, ambako wapenda nyota wote wa nchi hii huenda. Leseni ninayo mimi. Gari ni langu. Kuchangia petroli maana yake yeye anachangia wazo.

Na siku hachagui kwa kuangalia ratiba yangu. Anaangalia mwezi. Kijana huyu ambaye Shaaban nzima ilikuwa lazima akumbushwe kwamba Ramadhani inakaribia, sasa umri wa mwezi anaujua kuliko sheikh wa msikiti. Waislamu dunia nzima wanapanda mahali pa juu wakiomba mwezi uonekane. Yeye anaomba usionekane. Mwezi ukiwa mkubwa unaziosha nyota, kwa hiyo safari ni siku za kiza, hata ziangukie katikati ya wiki. Juu ya hapo kiini cha Njia Nyeupe, sehemu nene na nzuri, huku kwetu kinaonekana vizuri kuanzia kama Machi hadi Oktoba, kikipanda juu zaidi usiku wa kiangazi. Desemba, wakati mtu anaweza kukaa jangwani na shuka na kahawa akajiona sultani, hakipo. Mungu ameipanga galaksi iendane na joto.

Saa ya kuondoka nayo ina hesabu yake. Tangu mwisho wa Januari 2025 geti la Salik, yaani ushuru wa barabara, ni dirham 6 saa za msongamano na dirham 4 saa nyingine, lakini kuanzia saa saba usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi kwa kawaida ni bure. Hapo ndipo msanii na bahili walipokubaliana: tunaondoka saa saba na dakika moja. Asubuhi yake niko kazini, kwenye kampuni ya mizigo, nahesabu maboksi ya kwenda Dar es Salaam na macho yangu yana mchanga, na mteja analalamika kwamba boksi lake moja halionekani. Nilikaribia kumwambia halikutulia.

Kule Al Quaa, niseme kweli, nyota zipo. Zipo hadi zinakera. Kilimia niliitambua alfajiri ikichomoza mashariki, ile ile waliyokuwa wakiitazama wazee kujua majira ya kulima, na nikamwonyesha shemeji kwa kidole. Yeye alikuwa kwenye hesabu. Unachukua 500, unagawa kwa urefu wa lenzi. Lenzi ya milimita 20 inakupa sekunde 25. Ukizidisha hapo nyota zinaacha kuwa nukta zinakuwa nyuzi, kwa sababu dunia inazunguka, nyuzi 15 kila saa, haimngoji mtu. Kwa hiyo kule kwenye bwawa dakika 4 zilikuwa chache, na huku sekunde 30 ni nyingi. Nikamuuliza kwa nini asichague mchezo wenye kanuni moja. Akaniambia nizime tochi ya simu, inaharibu giza. Giza nililoliendeshea saa mbili na zaidi.

Picha ikatoka. Akaituma Pangani pale pale, alfajiri, na majibu yakaja kabla hatujakunja stendi, kwa sauti ya mke wangu, ya kuamka usingizini:

“Mbona ni nyeusi tupu? Na huko kwenu umeme unakatika?”

Sasa amegundua Liwa, kwenye ukingo wa Rub al-Khali, ambako kuna kilima cha mchanga cha Tal Moreeb chenye urefu unaofika karibu mita 300, na giza, anasema, la daraja la kwanza. Ni mbali kuliko Al Quaa, mbali sana. Nilipogoma akanitajia Wilfred Thesiger, yule Mwingereza aliyevuka jangwa hilo kwa ngamia miaka ya 1940 akipiga picha njia nzima, ambaye baadaye alikwenda kuishi Maralal, Kenya. Kama Thesiger aliweza, shem. Nikamwambia Thesiger alipanda ngamia, na ngamia hali petroli, wala Jumatatu hakuwa na maboksi ya kuhesabu, wala hakuoa kwenu.

Akacheka, akaenda kuiviringisha kamera taulo. Mwezi unaisha wiki hii, safari ni Jumamosi. Nimeshamwambia Jumamosi nina zamu.

Sina zamu.